Somo Yangu

Januari sijawahi kuipenda. Shule inafunguliwa, mvua inanyesha, magodoro yanalowa juu ya mabasi, na wazazi wote wanataka kuongea na mimi kwa wakati mmoja. Mimi ni Mwalimu Aurelia. Nafundisha Hisabati katika shule ya wasichana ya masista, ukishaipita Mjimwema ya Songea na kuiacha lami nyuma. Juu ya Hisabati nimebebeshwa malezi ya kidato cha kwanza, maana yake mtoto akilia, akiugua au akitoroka, anayeulizwa ni mimi. Mwaka huu niliapa hatanipotea hata mmoja.

Niliapa kwa sababu mwaka jana alinipotea mmoja. Aliitwa Siwema, wa Namasakata, huko Tunduru. Wiki ya tatu alipewa barua akamlete mzazi, akapanda basi, na hadi leo hajarudi. Mwanafunzi wa Mjimwema ukimtuma akamlete mzazi, saa sita mchana wameshafika wote wawili. Wa Tunduru, mwendo wa siku nzima na nauli hana, ukimtuma, umemfukuza, ila hujasema. Hilo nililijua hata kabla sijaiandika ile barua, na niliiandika. Kosa lake nililijaza kwenye faili, faili nikalifungia kabatini, na tangu siku hiyo kila nikipita karibu na kabati lile nageuza shingo.

Siku ya kufungua shule nilikaa na meza yangu barazani, nikikagua ndoo, majembe, fagio za chelewa na rimu za karatasi. Karibu na saa nane akafika msichana mwembamba, sare yake mpya imemzidi mabega, na baba yake nyuma amebeba tranka kichwani. Walitoka Nalasi, Tunduru hukohuko, jana yake. Baba alijitambulisha kwa jina la Mussa, mkulima wa korosho. Mtoto alikuwa Mwanahawa, nyumbani wanamwita Hawa.

"Mzee Mussa," nikamwambia, "hapa watoto wote asubuhi wanaingia kanisani. Asiye Mkristo hapewi komunyo, lakini anakaa na wenzake, anatulia."

"Hakuna neno, mwalimu. Nimemleta kwa ajili ya hesabu na adabu. Sala ya wenziwe haitamuua. Kinachoua ni ujinga."

Nikampenda palepale. Nikampa binti fomu ajaze.

Fomu yetu ina mstari wa kumi na mbili, umeandikwa: Somo. Kwetu Wakatoliki somo ni mtakatifu unayeitwa jina lake, na shuleni kwetu siku ya somo wako unaimbiwa mstarini na kupewa soda. Wajerumani waliotuletea dini walituletea na majina ambayo nadhani hata malaika huyasoma mara mbili. Bibi yangu alikuwa Notburga, kaka zake Romwaldi na Kajetani, na kila mmoja aliijua siku ya somo wake kuliko siku aliyozaliwa. Kwa hiyo mstari ule haujawahi kumsumbua mtoto wa Songea.

Mstari huo ulimsimamisha Hawa. "Somo, mwalimu?"

"Somo. Andika."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi, akaandika bila kusita. Nilipoivuta fomu nikasoma: Bi Sharifa, Nalasi. Mbele yake namba ya simu, tarakimu kumi, zimepangwa vizuri.

Nilikuwa nimechoka, na foleni ilikuwa ndefu. Nikachukua kalamu nyekundu nikakata mstari wote. "Tunataka mtakatifu, binti, siyo jirani. Watakatifu hawana simu."

Wasichana waliokuwa nyuma yake wakacheka. Mmoja akasema Hawa ndiye aliyetuponza bustanini, atapataje sikukuu, wakacheka zaidi. Yeye hakucheka. Aliutazama ule wino mwekundu. Baba yake akageuka kuangalia mvua, kama mwanamume aliyekuta wanawake wanazungumza yao.

Wiki mbili za mwanzo sikukaa chini. Nilikuwa na wasichana arobaini na sita, nikawahesabu asubuhi, mchana na jioni, na wakitimia nahesabu tena, maana huenda nimemhesabu mmoja mara mbili. Chai yangu ilipoa kila siku. Walimu wenzangu walinitania kwamba mwaka huu mama kuku ameingia ofisini. Hawa hakunipa shida. Darasani alikuwa mwepesi, kanisani alitulia, na asubuhi nikisalimu "Tumsifu Yesu Kristo" alikuwa akinijibu "Shikamoo, mwalimu," nami naitika marahaba, mambo yanaisha.

Jumamosi ya pili, asubuhi, alikuja mlangoni mwa ofisi ya walimu. Alisimama kwa namna ambayo sikuipenda, ameibana miguu na mikono ameifumbata tumboni.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba simu, nimpigie somo yangu."

Ofisi ilikuwa imejaa. Nami ulimi wangu, Mungu anisamehe, hauwezi kupita penye kicheko bila kusimama.

"Kwanza ni somo langu, siyo somo yangu," nikamwambia. "Pili, somo halipigiwi simu, linasomwa. Lipi limekushinda? Kama ni Hisabati niko hapa."

Walimu wakaangua kicheko. Hawa akangoja kiishe. "Mwalimu, ni muhimu."

"Simu ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, na ni ya wazazi. Nenda, leo mna zamu ya jikoni."

"Asante, mwalimu," akasema, akaondoka.

Jumamosi kwetu mpishi, Baba Thadei, anakaa pembeni na watoto ndio wanapika, ili msichana asitoke shuleni anajua kukokotoa lakini hajui kusonga ugali. Siku ile wengine walipewa kuni, wengine ugali. Hawa alipewa sufuria ya maharage. Na Jumamosi mkuu wa shule, Sista Emiliani, hula bwaloni pamoja na wanafunzi. Ni mama wa Kimatengo kutoka Mbinga, mrefu, mnyoofu, hapandishi sauti kwa sababu hajawahi kuihitaji.

Nilitia kijiko cha kwanza mdomoni nikajua. Maharage hayakuwa na chumvi hata punje. Bwalo zima likaanza kunong'ona. Sista akaweka kijiko chini.

"Mboga ilikuwa zamu ya nani?"

Hawa akasimama.

"Umesahau chumvi, mwanangu?"

"Sikusahau, Sista."

"Ilikuwa imekwisha?"

"Ipo, Sista."

"Sasa imekuwaje?"

Hawa akainamisha kichwa. Sista akamuuliza tena, taratibu, mara ya pili na ya tatu, na wasichana mia tatu wakiwa kimya wanasikiliza. Mtoto hakujibu. Ningemfinya kama ningekuwa karibu, aseme chochote, aseme hata uongo. Kwetu ukikosea na ukanyamaza, makosa yanakuwa mawili, na la pili linaitwa kiburi.

"Jumatatu asubuhi utakwenda kumleta mzazi," Sista akasema. "Mwalimu Aurelia, andaa barua."

Jumapili niliamka na barua ile kifuani. Baada ya misa nilikaa niiandike. Nikaandika "Yahusu: Utovu wa nidhamu wa binti yako," nikachana. Nikaandika tena, nikachana. Akilini nilimwona Mzee Mussa anaisoma kibarazani kwake Nalasi, yeye aliyemleta kwa ajili ya adabu. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Mvua ilikuwa imekatika, milima ya Matogoro imejifunika ukungu, na mahindi ya shule yamefika magotini. Nilimwita Hawa nikamuuliza mwenyewe, kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa upole tena. Alisema "Nisamehe, mwalimu," basi. Nikamwambia aende. Nilikasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Miguu ikanipeleka jikoni. Baba Thadei alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Mwalimu, yule mtoto wa Nalasi mnamwonea," akasema bila kuinua macho. "Hana kiburi. Amekumbuka kwao tu. Jana kutwa alinizunguka hapa: 'Baba mpishi, hapa hakuna mtoto mdogo? Mtoto wa kike?' Nikamwambia watoto hawaruhusiwi jikoni, wajukuu zangu wako nyumbani, Lizaboni. Akatoka akatafuta mpaka kule kwa mlinzi. Sufuria inachemka, yeye anatafuta mtoto. Nikajua huyu kaacha mdogo wake nyumbani."

"Alimtafuta wakati gani hasa?"

"Wakati maharage yameiva. Yamebaki kutiwa chumvi."

Nikakaa juu ya gunia la mchele.

Nilijiona tena nina miaka saba, nacheza rede uani kwa Bibi Notburga, na Bibi anaita kutoka jikoni: "Aurelia, njoo unitilie chumvi." Naacha mpira, nakimbia, nachota chumvi kwa vidole vitatu, natia chunguni, na Bibi ananipa masuku mawili, yale matunda ya porini. Wiki nyingine mama mdogo ndiye aliyeniita. Siku nyingine hakuniita mtu, wakatia wenyewe. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilidhani mkono wangu una baraka, nikajivuna kwa wenzangu. Nilipofika miaka kumi na mitatu, asubuhi moja Bibi alinipakata kama mtoto mchanga, akaniambia, "Sasa una siku ambazo chumvi huigusi." Mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi kwenye chungu cha watu. Atawaletea wanaokula maradhi ya kifua. Huita mtoto wa kike ambaye bado hajakua, amtilie. Hata Bibi, aliyejua litania yote ya watakatifu kwa kichwa, hakuivunja desturi hiyo hata siku moja. Kisha mimi nikaenda chuo, nikarudi na vyeti, na yote hayo nikayasahau.

Nilimkuta Hawa nyuma ya bweni, kwenye mawe ya kufulia. Alikuwa anasuuza kipande cha kanga, akakificha mgongoni aliponiona. Nikakaa kwenye jiwe lililolowa.

"Ilianza jana asubuhi?" nikamuuliza.

Akakitoa kile kipande cha kanga mgongoni. "Ndiyo, mwalimu."

"Ndiyo mara ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukumwambia mwenzako akutilie?"

"Angeuliza kwa nini. Na somo alisema, siku ikifika, wa kwanza kujua ni yeye. Siyo mama, siyo rafiki. Nisimwambie mtu mpaka yeye anipe maneno." Machozi yakaanza kumtoka, lakini sauti haikutetemeka. "Alinicheza unyago yeye, mwalimu. Ndiye somo yangu. Nilikuja kuomba simu."

Alikuja kuomba simu, nami nikamrekebisha sarufi. Katika maisha yangu ya ualimu nimewahi kuona aibu, lakini ile ilinipanda kutoka miguuni. Mtoto alikuwa ameijaza fomu yetu kwa usahihi kuliko wote. Alipoulizwa somo, aliandika mtu ambaye angempigia siku ya shida, na namba akaweka.

Nikaenda ofisini, nikaitoa fomu. Wino mwekundu ulikuwa umepita juu ya tarakimu zote, lakini ukiinua karatasi dirishani zilisomeka. Nikarudi kwa Hawa, nikapiga kwa simu yangu.

"Asalaam aleikum," ikaitika sauti ya mama mtu mzima.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikajibu kwa mazoea, nikajiuma ulimi. "Shikamoo, mama. Ni Mwalimu Aurelia wa Songea. Nipo na Hawa."

"Marahaba, mwanangu. Imefika?"

Sikuhitaji hata kumweleza. Nikampa Hawa simu, nikasogea mbali, nikasimama kwenye mahindi kwa robo saa huku viatu vinazama kwenye tope. Waliongea Kiyao, sikuambulia neno. Nilichosikia ni Hawa analia, kisha yuko kimya, anaitikia, kisha anacheka. Halafu akaniletea simu.

"Mwalimu," Bi Sharifa akasema, "huko mama yake ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi nisikilize. Mpe vitambaa visafi, mpe maji ya moto, usimwache peke yake akawaza. Chumvi asiiguse hizi siku. Akishamaliza, atie kwenye sufuria mwenyewe, wewe umesimama, na wewe uwe wa kwanza kuonja. Mimi nilipaswa kuonja, lakini niko mbali. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Mpaka nitakapofika, huko somo yake ni wewe."

Nilikwenda kwa Sista Emiliani bila barua. Nilimweleza nikiwa nimesimama, haraka haraka, nikiogopa atanikata kauli. Hakunikata. Nilipomaliza alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kwetu Mbinga nilikuwa naitwa mimi," akasema. "Nyumba tatu. Nilikuwa natoka jiko hili naingia lile. Kumbe jana mtoto alikuwa anatukinga sisi, na sisi tumemsimamisha mbele ya watu."

"Ndiyo, Sista."

"Kesho mwalimu wa Biolojia awaeleze kwamba chumvi haina kosa, na damu haina kosa. Lakini mtoto asilazimishwe. Panga zamu upya, anayetaka kubadilishana abadilishane, wala asiulizwe sababu. Barua ichane."

"Sijaiandika, Sista."

Akanitazama, na nadhani karibu acheke. "Nenda kapumzike, Aurelia. Wiki mbili hizi unanichosha hata mimi kukutazama."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Mtoto wangu alikuwa amebaki. Arobaini na sita walikuwa arobaini na sita. Nilifika ofisini nimtafutie Hawa fomu mpya aandike mstari wa kumi na mbili upya, nikafungua kabati, na safari hii shingo haikugeuka. Faili la Siwema lilikuwa rafu ya chini. Nililitoa kabla sijajua ninafanya nini.

Mwandiko ni wangu, hauna ubishi. "Amekataa zamu ya jikoni siku tatu mfululizo. Alipoulizwa alinyamaza. Mvivu, mwenye kiburi." Nikafungua fomu yake ya kujiunga. Mstari wa kumi na mbili haukuwa na mwandiko wa Siwema. Nilikuwa nimemjazia mwenyewe, ili foleni isogee: Hana.

Sikukaa. Nilipiga namba ya mzazi iliyokuwa kwenye fomu nikiwa nimesimama, nikazunguka meza, na ilipoita mara ya kwanza bila kupokelewa nikapiga tena. Mara ya pili ikapokelewa na sauti ya msichana.

"Baba yuko shambani," ikasema. "Nani mwenzangu?"

"Siwema. Ni Mwalimu Aurelia."

Akajibu kwa adabu ileile ya mwaka jana, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi, na yote yakanikimbia. "Siwema, nataka kukuuliza kitu ambacho sikukuuliza mwaka jana. Somo yako ni nani?"

Niliuliza hivyo hivyo, somo yako. Akanyamaza, kimya kile nilichokiandika kiburi. Nikangoja. Nyuma yake nilisikia mtu anatwanga, kinu kikagonga mara nyingi.

"Bi Tabu," akasema mwishoni. "Wa hapa hapa Namasakata."

"Na zile siku tatu ulitaka kumpigia."

"Ndiyo, mwalimu." Kinu kikaacha kugonga. "Mwalimu, kwani mtanipokea?"

Nafasi darasani sikuwa nimeiangalia. Kitanda sikukijua kitatoka wapi. Sista sikuwa nimemuuliza, na ofisi yake ilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale niliposimama.

"Njoo," nikamwambia. "Nitakungoja stendi."